Dawa ya mtoto saa za shule: mwongozo kwa wazazi wa Same na Upareni

Shule nyingi za msingi za serikali, ziwe za Same mjini au za juu milimani Chome, Suji na Mamba, hazina muuguzi. Zina mwalimu aliyepewa jukumu la afya, sanduku la huduma ya kwanza ambalo pengine limebaki na bandeji na spiriti tu, na zahanati ya kijiji inayoweza kuwa jirani na uwanja wa mpira au ng'ambo ya bonde. Ndiyo maana mzazi ambaye mtoto wake anatumia dawa hujiuliza: nani atampa saa za masomo? Nimkabidhi mwalimu, au nimtilie mtoto mfukoni? Akizidiwa saa tano asubuhi nami niko shambani, itakuwaje? Tuyachukue moja moja.

La kwanza ni jepesi kuliko wengi wanavyodhani. Dawa nyingi hazina haja ya kwenda shuleni kabisa. Tazama bahasha ndogo uliyopewa dirishani. Ikiandikwa 1×2, maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, yaani zote nyumbani. Ikiandikwa 1×3, ni kimoja mara tatu. Pembeni huandikwa pia 5/7, na hapo watu huchanganyikiwa: hiyo ni siku tano mfululizo, hata kama mtoto amepona siku ya pili. Usipoelewa mwandiko, uliza kabla hujaondoka dirishani. Mtoa dawa hajakasirika, ana foleni tu.

Kwa dawa ya mara tatu, mwambie tabibu hivi: "Mwanangu yuko shuleni toka saa moja hadi saa tisa, naweza kumpa lini?" Kwa dawa nyingi za kuua bakteria, zile tunazoziita antibaiotiki, atakupangia saa kumi na mbili alfajiri, saa tisa alasiri akirudi, na saa tatu au nne usiku kabla ya kulala. Wakati mwingine atakubadilishia dawa au dozi iwe ya mara mbili. Swali hilo moja huondoa sehemu kubwa ya shida, na wazazi wachache mno huliuliza.

Malaria inataka maelezo zaidi, hasa kwa walio tambarare ya Kihurio, Ndungu na Maore, kwenye mashamba ya mpunga na maji yaliyosimama. Juu milimani ni baridi na mbu ni wachache, lakini mtoto aliyeteremka likizo kwa bibi yake anaweza kupanda nayo. Usinunue dawa kwa kubahatisha. Mtoto atobolewe kidole, apimwe kwa kipimo cha haraka kinachotoa jibu ndani ya robo saa au nusu saa. Ikionekana malaria ya kawaida, atapewa dawa mseto, kwa ufupi ALu. Dozi ni sita kwa siku tatu. Mtoto wa kilo 15 hadi chini ya 25 humeza vidonge viwili kila mara; wa kilo 25 hadi chini ya 35 humeza vitatu. Kwa hiyo ndugu wawili wa darasa la kwanza na la tano hawagawani pakiti moja.

Saa ndizo zinazowakwaza watu. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, halafu zinazofuata ni asubuhi na jioni. Mtoto aliyeanza saa mbili asubuhi pale zahanati atameza ya pili saa kumi jioni, vizuri tu. Aliyeanza saa tisa alasiri, ya pili ni saa tano usiku, na hapo hakuna ujanja: mwamshe. Dawa hii hufyonzwa vema mwilini ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Maziwa yanafaa, na makande yaliyoungwa kwa nazi, mafuta au karanga yanafaa vilevile. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia dozi ile, kisha rudi kituoni kuomba vidonge vya kufidia.

Sasa zile dawa ambazo lazima ziende shuleni. Si nyingi: pampu ya pumu, insulini ya mtoto mwenye kisukari pamoja na sukari au glukosi ya dharura, dawa ya kifafa kama ratiba imelazimisha saa za mchana, na dawa za mtoto wa bweni. Hizi hazitiwi mfukoni mwa mtoto. Mtoto wa miaka minane hugawa kila kitu kwa rafiki zake, na kidonge chekundu kinafanana sana na pipi. Ninaloliruhusu mimi ni pampu ya pumu tu kwa mkubwa wa darasa la tano kwenda juu aliyeonyesha kwamba anajua kuitumia, kwa sababu pampu iliyofungiwa kabatini huku mwalimu mwenye ufunguo ameteremka mjini haimsaidii mtu.

Nenda shuleni mwenyewe. Usimtume mtoto na dawa pamoja na salamu. Omba kumwona mwalimu mkuu, naye atamwita mwalimu wa afya na mwalimu wa darasa, mkae wanne. Peleka dawa ikiwa kwenye chombo chake cha asili chenye jina la mtoto, jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi, ile inayoandikwa EXP. Peleka na barua. Haihitaji mwanasheria, iandike kwenye karatasi ya daftari, nakala mbili, moja ibaki kwako. Inaweza kusomeka hivi:

"Mimi, mzazi wa (jina la mtoto), darasa la nne, naomba mwanangu asaidiwe kupewa dawa ifuatayo akiwa shuleni: (jina la dawa), kiasi (idadi ya vidonge, au mipulizo), saa (taja), kuanzia tarehe (taja) hadi tarehe (taja). Dawa imeandikwa na (jina la zahanati au hospitali). Dawa asizopaswa kupewa kamwe: (taja). Dalili za hatari kwake ni (taja). Zikitokea, naomba apelekwe (taja kituo) na nipigiwe simu namba (yangu), nisipopatikana (namba ya pili). Nimekabidhi vidonge (idadi)."

Mwalimu asaini kwamba amepokea, nawe usaini. Kisha ombeni daftari dogo ambamo kila dozi itaandikwa tarehe, saa na jina la aliyempa. Walimu wengine wataona ni kazi ya ziada, na kweli ni kazi. Lakini daftari hilo linamlinda mwalimu kuliko linavyomlinda mtoto. Siku dozi ikisahaulika au ikirudiwa mara mbili, hakuna wa kulaumiana kwa kukisia. Mwalimu naye ana haki ya kukataa jambo asilofundishwa, kama kuchoma sindano. Hapo mwombeni muuguzi wa zahanati aje kumwelekeza, au mzazi au jamaa aje saa ile.

Dawa itunzwe wapi? Kabatini penye kufuli, pakavu, mbali na dirisha la jua. Joto la Same mjini na Makanya si la kuchezea. Insulini ndiyo yenye matatizo, kwa kuwa shule nyingi hazina jokofu. Njia inayokubalika ni vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowekwa maji, juu kitambaa chenye unyevu. Ukishaifungua chupa ya insulini, andika tarehe juu yake. Kwa kawaida haipaswi kupita wiki nne. Dawa ya maji ya antibaiotiki, ile ya unga unaochanganywa, ichanganywe na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi alama ya chupa, na itupwe siku zake zikiisha. Kwa amoksilini mara nyingi ni siku saba. Pima kwa kifuniko chake au bomba lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani: cha chai kimoja huchukua mililita tatu, kingine sita.

Kuna mzazi ambaye hapa moyo umeshaanza kwenda mbio kwa sababu mtoto wake anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Tulia. Watoto wengi siku hizi huzimeza mara moja kwa siku, kwa hiyo chagua saa ya nyumbani isiyobadilika, shule haina haja ya kujua. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu. Mtoto akiwa bweni, ongea na mlezi mmoja unayemwamini, si na ofisi nzima, na wauguzi wa kliniki watakusaidia namna ya kulisema. Barua ya shule inaweza kutaja jina la dawa na saa bila kutaja ugonjwa.

Kuhusu homa na kichwa kuuma, ambavyo ndivyo vinavyompeleka mtoto ofisini kwa mwalimu kila siku. Mwalimu asimpe mtoto kidonge chochote bila ruhusa yako ya maandishi, kwa hiyo iweke ruhusa ya paracetamol ndani ya barua kama unaitaka. Kipimo chake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto. Kidonge cha kawaida ni cha miligramu 500, hivyo mtoto wa kilo 20 hupewa nusu, na asirudie kabla ya saa sita kupita. Dozi zisizidi nne kwa siku. Aspirini haifai kwa watoto. Diklofenaki, hiyo "diklo" inayouzwa dukani kwa maumivu ya mgongo ya wazee, nayo isikaribie mwanafunzi. Paracetamol hushusha joto bila kuondoa kilicholileta. Mtoto mwenye homa shuleni anapaswa kwenda kupimwa, asirudishwe darasani baada ya joto kushuka.

Dharura zenyewe ni chache, na walimu wote wazijue, si wa afya peke yake.

Mtoto akianguka kifafa, sogeza mawe na madawati, mlaze ubavu, legeza ukosi, tazama saa. Usimtie kijiko wala kijiti mdomoni, usimshikilie kwa nguvu. Povu lake haliambukizi, na hili nalisema kwa sababu bado kuna watoto wanaoachwa chini peke yao uwanjani kwa hofu hiyo. Ikipita dakika tano, au akishikwa tena kabla hajazinduka, huyo ni wa hospitali haraka. Akizinduka mwenyewe, mwache apumzike na umwarifu mzazi.

Mwenye pumu akibanwa, mkalishe wima. Mpulizio mmoja wa pampu, avute pumzi kadhaa, kisha mwingine, hadi minne. Ngoja dakika nne, rudia. Dawa hufika mapafuni vizuri zaidi ikipitia chombo cha katikati, na huhitaji kununua: chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, itobolewe kitako kwa kipenyo cha mdomo wa pampu, mtoto avute kwenye mdomo wa chupa. Hili limefanyiwa utafiti na linafanya kazi. Asubuhi za ukungu kule juu, na moshi wa kuni jikoni, huwaamshia wengi pumu, kwa hiyo waombe wenzake wasimweke karibu na jiko la chakula cha shule. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, msisubiri.

Nyoka: shule za tambarare, Kisiwani na kuendelea upande wa Mkomazi, zinalijua hili. Mtoto atulizwe, mguu au mkono usitikiswe, ufungwe ubao kama uliovunjika. Msikate kwa wembe, msinyonye, msikaze kamba hadi damu isimame, na jiwe jeusi la nyoka liacheni lilipo. Nendeni hospitali moja kwa moja, maana dawa ya sumu ya nyoka hutolewa chini ya uangalizi na yawezekana zahanati isiwe nayo.

Hospitali ipi? Hapo jiografia yetu ndiyo inayoamua. Walio upande wa magharibi na mjini wana Hospitali ya Wilaya ya Same. Walio upande wa Gonja na Maore wana hospitali ya Kilutheri ya Gonja iliyo karibu zaidi. Rufaa za mbele ni Mawenzi au KCMC, zote Moshi, kilomita 100 hivi kutoka Same mjini. Wakati wa masika barabara za kuteremka mlimani huteleza na bodaboda hugoma. Kamati ya shule ikae sasa, kabla ya mvua, ikubaliane na dereva mmoja au wawili, nauli ijulikane, na namba zao zibandikwe ukutani ofisini. Msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, uliojenga madarasa na zahanati zetu nyingi unaweza pia kuweka mfuko mdogo wa nauli ya mgonjwa. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure kwa ushauri, na 116 ni ya huduma kwa mtoto, pia bure, kwa mfano mtoto akinyimwa matibabu nyumbani au akiumizwa.

Tuje kwenye dawa zinazoletwa shuleni na serikali. Siku ya dawa za minyoo, walimu huwapa watoto albendazole ya kutafuna, na palipo na kichocho huongezwa praziquantel, ambayo idadi ya vidonge hupimwa kwa fimbo ya urefu badala ya mizani. Ni bure. Kichocho hupatikana kwa kuoga na kucheza kwenye mifereji na madimbwi yenye konokono, na dalili yake kubwa kwa wavulana na wasichana ni mkojo wenye damu. Jukumu lako siku hiyo ni moja: mtoto ale ashibe kabla ya kwenda. Kizunguzungu na tumbo kuvuruga huwapata zaidi waliomeza na njaa, ndipo uvumi unapoanza kwamba watoto wamelishwa sumu. Mtoto mgonjwa siku hiyo asubiri, na mwenye kifafa asipewe praziquantel kabla mtaalamu hajaambiwa.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, inayojulikana kwa herufi HPV, nayo hupitia shuleni. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ndio uliofanyiwa majaribio ya utoaji wake mwaka 2014, kabla ya nchi nzima kuanza 2018. Tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Haifungi kizazi. Hulinda mlango wa kizazi usipate saratani miaka ya mbele, na ndiyo sababu hutolewa mapema.

Na gharama? Mtoto chini ya miaka mitano hatibiwi kwa kulipa katika vituo vya serikali, lakini mwanafunzi wa shule ya msingi amevuka umri huo. Chanjo, dawa za kifua kikuu na za kufubaza VVU hazilipiwi. Kwingine ni fedha au kadi ya bima ya afya. CHF iliyoboreshwa kwa miaka kadhaa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya hadi watu sita, na ukifuata rufaa ilikufikisha hadi hospitali ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeleta utaratibu mpya, kwa hiyo kabla ya kutoa fedha uliza ofisi ya kijiji au zahanati ni kadi ipi inaandikishwa leo na kwa bei gani. Mzazi mtumishi wa umma ahakikishe mtoto ameingizwa kwenye kadi yake ya NHIF. Wengi hugundua jina halimo wakiwa tayari dirishani. Andika namba ya kadi ndani ya ile barua ya shule. Kadi ichukuliwe msimu wa mavuno ya tangawizi au mpunga, fedha ikiwa mkononi, si mtoto akiwa kitandani.

Ukinunua dawa, nunua duka la dawa muhimu lililosajiliwa, lenye cheti ukutani na mtoa dawa aliyesomea, tena uwe na karatasi ya tabibu. Antibaiotiki mbili za kuonjeshwa sokoni siku ya gulio ni hasara mbili: fedha imekwenda na mdudu amezoea dawa. Na kikohozi hakitibiwi kwa kukata kimeo. Watoto hutoka damu nyingi na hupata maambukizi kwa kisu hicho.

Ni wakati gani mtoto abaki nyumbani? Mwenye homa, anayeharisha au kutapika, mwenye surua, tetekuwanga ambayo malengelenge hayajakauka, au macho mekundu yenye usaha, abaki. Anayeharisha apewe maji ya ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku kumi. Mwenye upele anaweza kurudi baada ya kupakwa dawa mara ya kwanza, familia nzima ikipakwa naye. Mapunye ya kichwani hayamzuii mtoto kusoma, ila asigawane kofia wala wembe wa kinyozi.

Shule zikifungwa Juni na Desemba, nenda ukachukue dawa zilizobaki. Hesabu vidonge mbele ya mwalimu mkilinganisha na daftari. Vilivyopitwa na wakati vipeleke zahanati wakaviteketeze, usivitupe chooni wala mtoni. Muhula ukianza, rudi na barua mpya yenye uzito mpya wa mtoto, kwa kuwa miezi sita inatosha kumvusha kutoka dozi moja hadi nyingine.